Makoti Juu ya Kifungu cha Nne

Alhamisi, tarehe sita Februari, mwaka elfu mbili ishirini na tano, saa nne kamili asubuhi, watu thelathini na mmoja walikuwa wameketi katika ukumbi wa chini wa jengo la halmashauri ya mji wa Carrick, jimboni Vermont, Marekani. Kumi na wanane walikuwa wauza magari na watu wao. Sita walitoka idara ya jimbo. Saba waliosalia walikuwa raia wa kawaida. Miongoni mwa saba hao alikuwamo Noella Marcoux, mwanamke wa miaka sitini na miwili, karani wa hati katika duka la magari la Burleigh Tatro. Kwa haki angehesabiwa pamoja na wale kumi na wanane, lakini siku hiyo aliomba ruhusa ya nusu siku, akaketi upande wa pili.

Walikuja kutoa maoni juu ya kanuni mpya. Kanuni hiyo ilimtaka kila anayeuza gari la umeme amweleze mnunuzi, katika ukurasa mmoja, mambo matano kuhusu betri: madini yake yamechimbwa wapi, maji kiasi gani yametumika kuyachimba, hewa ya ukaa kiasi gani imetoka wakati wa kuiunda, sehemu gani yake imetokana na betri kuukuu, na nani ataipokea siku itakapokufa. Juu ya hayo matano hapakuwa na ugomvi mkubwa. Ugomvi ulikuwa katika kifungu cha nne, chenye mstari mmoja na nusu tu, kilichosema kwamba ukurasa huo "upatikane kwa mnunuzi". Noella alitaka neno hilo lifutwe, na mahali pake paandikwe kwamba mnunuzi akabidhiwe ukurasa mkononi kabla hajatia sahihi. Hilo tu ndilo lililomtoa nyumbani kwenye theluji ile.

Ugomvi wake na neno hilo ulikuwa mkongwe kuliko magari ya umeme. Babu yake, Ovila Marcoux, alichonga mawe ya itale katika mabanda ya Carrick tangu ujana wake, akivuta vumbi la mawe hayo majira ya kiangazi na ya baridi, hata akafa akiwa na miaka arobaini na mitatu, mapafu yamekauka kama mawe aliyoyachonga. Baada ya maziko, mjane wake, Alma, alipata kujua kwamba katika ofisi ya banda, katika mtoto wa pili wa meza, kulikuwa na ripoti ya daktari juu ya vumbi hilo, nayo ilikuwa imekaa humo miaka sita. Alikwenda kuuliza kwa nini wachongaji hawakuambiwa. Karani alimpokea kwa adabu, akamjibu, "Mama, ripoti ilikuwapo. Ilipatikana kwa yeyote aliyeiomba."

Alma aliishi hadi miaka tisini na mmoja. Kila alipokisimulia kisa hicho jikoni kwake, huku Noella mdogo akimenya viazi, alikuwa akikomea hapo, anapiga funda moja la chai, kisha anaongeza, "Sasa niambie, mjukuu wangu, utaombaje kitu ambacho hujui kama kipo?"

Noella aliingia katika duka la magari akiwa na miaka thelathini na mitatu, wakati wa baba yake Tatro, akapewa meza ya hati. Katika biashara hiyo, mnunuzi hufika kwenye meza ya hati akiwa mtu mwenye furaha na haraka. Gari amekwisha lichagua, bei wamekwisha patana, linalobaki ni funguo. Basi desturi ya maduka ni kubandika katika kila ukurasa kibandiko kidogo cha njano chenye mshale, ili jicho la mnunuzi liruke maandishi yote na kutua pale panapotiwa sahihi. Karani hodari humaliza mnunuzi kwa dakika kumi.

Noella alivibandua vibandiko vyote siku yake ya kwanza kazini. Aliweka kidole chini ya mstari wa kwanza, akamsomea mnunuzi kwa sauti hadi mstari wa mwisho, ukurasa baada ya ukurasa, na kalamu hakuitoa mpaka amemaliza. Ilimchukua dakika arobaini. Wauzaji waliita shughuli hiyo misa, na yeye wakamwita Padri. Burleigh Tatro, aliporithi duka, alirithi na mzaha huo. Alikuwa akichungulia mlangoni na kuuliza, "Padri, mmefika kwenye Injili au bado?"

Naye hujibu bila kuinua macho, "Tuko kwenye maungamo, bosi. Keti, zamu yako inakuja."

Lakini Tatro alijua jambo moja ambalo wauza magari wenzake hawakuweza kulisema juu ya makarani wao. Kwa muda wote huo hakuna mnunuzi hata mmoja aliyesomewa na Noella kisha akarudi kudai kwamba hakuambiwa. Kwa hiyo mzaha ulibaki mzaha, na misa ikaendelea.

Ilivunjika mara moja tu, mwezi Oktoba mwaka elfu mbili ishirini na tatu, na aliyeivunja alikuwa mzee Alcide Gingras, dereva mstaafu wa basi la shule, aliyekuja kununua gari la umeme. Alisikiliza kurasa zote kwa heshima, kofia magotini. Alipopewa kalamu, aliishika, akaitazama, akauliza swali. "Dada Noella, umenisomea habari za matairi, za rangi, hata za mikeka ya miguuni. Betri je? Imetoka wapi? Na ikifa kabla yangu, inakwenda wapi?"

Noella alirudi katika kurasa, moja baada ya nyingine, kidole kikitafuta. Hapakuwa na kitu. Kwa mara ya kwanza tangu ameketi kwenye meza ile, mnunuzi alimwuliza jambo, naye hakuwa na mstari wa kusoma. Mzee Alcide aliilaza kalamu mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto. "Basi tungoje," alisema, akavaa kofia yake.

Noella aliwaandikia watengenezaji. Jibu lilikuja baada ya majuma matatu, nalo lilimfanya ainuke kitini: habari zote kuhusu betri, barua ilisema, zinapatikana. Chini yake paliandikwa anwani ya mtandaoni. Aliifungua, ikampeleka kwenye anwani nyingine, na hiyo ikampeleka kwenye ripoti ya kurasa mia mbili na kumi na mbili, ambamo jina la gari la mzee Alcide halikutajwa hata mara moja. Aliandika tena, na tena. Katika juma la kumi na moja, mwanamke mmoja mhandisi alimpigia simu, akamjibu maswali yake kwa uungwana, na palipokuwa hapana jibu alisema hapana jibu. Noella alipiga chapa yote katika ukurasa mmoja. Kwenye mstari wa maji aliandika, "haijulikani", kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mzee Alcide aliitwa, akaketi palepale, akasomewa. Alisikia kwamba kuunda betri ile kulitoa moshi mwingi kabla gari halijatembea hata maili moja, na kwamba gari lingehitaji kama miaka miwili barabarani ndipo liwe safi kuliko lile la petroli alilokuwa nalo. Alisikia na neno "haijulikani".

"Mke wangu alinieleza kasoro zake zote kabla ya harusi," alisema. "Tumedumu miaka hamsini na mmoja. Lete kalamu."

Tangu siku hiyo Noella aliandaa ukurasa kama huo kwa kila gari la umeme lililoingia dukani. Hakuna aliyemtuma. Hivyo rasimu ya kanuni ilipotangazwa, ikitaka kwa sheria kile alichokuwa akikifanya kwa hiari, alifurahi sana, na furaha hiyo ilidumu hadi kifungu cha nne. Hapo alilikuta neno la ofisi ya banda la mawe likimsubiri. Chama cha wauza magari, kwa upande wao, kililipenda neno hilo mno. Walikwisha amua namna ya kulitimiza: kila duka lingebandika ukutani msimbo wa mraba unaosomwa kwa kamera ya simu, na ukurasa ungekuwa umepatikana. Tatro aliubandika wake kwa majaribio, karibu na mashine ya kahawa. Mzee Alcide, alipopita kubadilisha matairi ya theluji, alionyeshwa msimbo huo, akatoa simu yake ya kukunja. "Simu yangu ina kazi mbili," alisema, "kuita na kuitwa. Kusoma ukuta haijafundishwa."

Jumatano, siku moja kabla ya kikao, Noella alikwenda kuomba ruhusa. Tatro naye alikuwa ametajwa katika orodha ya wasemaji, kwa niaba ya chama. Alimtazama karani wake, akasugua shingo.

"Nenda, Noella. Siwezi kukuzuia. Lakini nakuomba, usinipigie misa mbele ya wenzangu."

"Nimepewa dakika mbili, bosi. Katika dakika mbili hata litania haiishi."

"Utawakimbiza wateja. Mtu akikabidhiwa karatasi yenye tani za moshi, atavuka mto akanunue gari la petroli kule ng'ambo, katika jimbo jingine, ambako hakuna anayemsomea chochote."

"Mzee Alcide hakukimbia."

"Alcide ana miaka sabini na saba," alisema Tatro. "Angekimbilia wapi?"

Noella alicheka, naye Tatro akacheka, lakini kila mmoja alitoka na neno lake vilevile alivyoingia nalo.

Siku ya kikao alifika mapema kuliko wote. Mtunza jengo, bwana mmoja aitwaye Duane, alikuwa amekwisha panga nakala arobaini za rasimu juu ya meza ndefu kando ya mlango, chini ya tangazo lililosema: nakala zinapatikana hapa. Noella alichukua moja, akalitundika koti lake mgongoni mwa kiti cha mstari wa mbele, akaketi kuupa mlango kisogo na kuanza kuyapitia maneno yake. Alikuwa ameyaandika kwa majuma matatu, kurasa mbili, na kila sentensi ilikuwa imepimwa. Nyuma yake watu waliingia wakikung'uta theluji, wakinywa kahawa, wakila maandazi yaliyopakwa sharubati, utomvu mtamu wa mti wa mepo. Vigingi vya ukutani vya kutundikia makoti viling'olewa na wapaka rangi tangu vuli, wala havikurudishwa.

Bi Winifred Pell, mkuu wa idara aliyeongoza kikao, alifungua saa nne kamili. Mbele yake palikuwa na kengele ndogo ya shaba, na hakuona haya kuipiga. Alimkata seremala mmoja katikati ya neno, na meya wa zamani katikati ya sifa zake mwenyewe. Tatro alisema kwa adabu na kwa ufupi kwamba wauza magari hawaupingi ukweli, wanapinga kumsukumia mtu ukweli usoni siku ya furaha yake. Wenzake walipiga makofi.

Msemaji wa kumi alikuwa Wakili Merritt Hatch wa chama cha wauza magari, mtu mrefu, msemaji mzuri, ambaye hakuwa na karatasi mkononi. Alieleza kwamba neno "upatikane" ni neno la heshima: linamwachia mtu mzima uamuzi wa kusoma au kutosoma. Halimnyimi mtu chochote. Ndipo, akitafuta mfano wa karibu, alinyoosha mkono kuelekea nyuma ya ukumbi bila kugeuka. "Hata rasimu tunayoijadili," alisema, "imepatikana pale mlangoni tangu asubuhi. Kila aliyemo humu amekuwa na nafasi ya kuisoma. Je, kuna aliyelalamika?"

Hapakuwa na aliyelalamika. Aliketi, kengele haijalia.

Bi Pell alilitaja jina la kumi na moja. Noella alisimama, akageuka ili awatazame watu kwanza, kama alivyofundishwa shuleni. Na macho yake, yakifuata njia ya ule mkono wa wakili, yakafika mlangoni. Aliitazama meza kwa kitambo. Kisha alizikunja zile kurasa mbili za majuma matatu, akaziweka kitini.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "naomba, kwa hisani yako, kila aliyechukua nakala pale mlangoni ainue mkono."

Bi Pell alikubali kwa kichwa. Noella aliinua mkono wake. Wakili Hatch aliinua wake nusu, akakumbuka kwamba nakala yake ilimfikia ofisini kwa posta, akaushusha. Watu walitazamana. Katika watu thelathini na mmoja, mkono uliokuwa juu ulikuwa mmoja.

"Kwani ziko wapi?" aliuliza mtu wa mstari wa nyuma.

Wote waligeuka. Juu ya meza ndefu, chini ya tangazo, palikuwa na mlima wa makoti, mengine yakichuruzika theluji iliyoyeyuka. Karatasi haikuonekana hata pembe.

Duane alikuwa amesimama karibu na mlango na ufagio wake. Aliuegemeza ukutani, akanyanyua koti la juu. "La nani hili?" aliuliza, kwa sauti ya mnadi kwenye mnada wa ng'ombe. Mwenyewe alikwenda kulichukua. Akanyanyua la pili. Kila koti lilipoitwa na mwenyewe kujitokeza, kicheko kiliongezeka, na kufikia la kumi hata wauza magari walikuwa wameshika mbavu. Koti la Tatro, la ngozi ya kahawia, lilikuwa la kumi na saba. Alilipokea kwa mikono miwili na kurudi kitini akiwa mwekundu hadi masikioni.

La mwisho kabisa, lililolala moja kwa moja juu ya karatasi, lilikuwa la sufu, la kijani, limelowa. "Na hili je?"

Bi Pell alitazama kengele yake, kisha akatazama koti.

"Ni langu," alisema. "Karani wa kikao aliandike kwenye kumbukumbu."

Kicheko kilipotulia, Noella alikuwa bado amesimama. "Hakuna aliyewaficha chochote," alisema, na sauti yake ilikuwa ileile ya meza ya hati, isiyopanda wala kushuka. "Karatasi zilikuwapo. Zilipatikana. Bibi yangu aliambiwa neno hilohilo baada ya kumzika mume wake. Kitu kinachopatikana kinaweza kufunikwa na koti la mtu mwema, asijue. Kilichowekwa mkononi mwa mtu hakifunikwi."

Akaketi. Ukiondoa muda wa makoti, katika dakika zake mbili zilibaki sekunde arobaini, na kengele haikulia.

Ndipo Tatro alipoinua mkono, koti likiwa magotini, akaomba nusu dakika ya ziada. Alisema bado anaogopa kwamba wateja watakimbia, na kwamba hofu hiyo hawezi kuivua kwa sababu ya mzaha wa makoti. "Lakini nimeuza magari miaka thelathini na mmoja," aliendelea, "na leo nimelaza koti langu juu ya sheria niliyokuja kuipinga, nami sijaisoma. Nilisoma muhtasari wa chama. Basi mpeni mnunuzi ukurasa mkononi. Uwe mmoja tu, tafadhali, maana ninaye Padri dukani, na kila ukurasa tutausikia wote."

Bi Pell alieleza kwamba kikao husikiliza, hakiamui. Lakini kabla ya kumwita msemaji wa kumi na mbili, aliinuka mwenyewe, akaenda mezani, akazipukuta nakala maji, akapita mstari kwa mstari akimkabidhi kila mtu yake. Alipofika kwa Noella alikuta anayo tayari. Alimpa mkono.

Barua ya idara ilifika dukani tarehe kumi na tano Mei. Noella aliifungua akiwa amesimama, kidole kikashuka hadi kifungu cha nne. Alipoinua uso, wauzaji walikuwa wamekwisha mzunguka, na waosha magari walikuwa wameingia na mikono yao yenye povu.

"Soma, Padri," alisema Tatro. "Kwa sauti. Safari hii hakuna mwenye haraka."

Naye akasoma: "Ukurasa huu atakabidhiwa mnunuzi mkononi, kabla hajatia sahihi yoyote." Aliurudia mstari huo mara ya pili bila kuombwa. Duka zima lilipiga makofi, na fundi mmoja wa matairi alipiga honi ya gari lililokuwa juu ya jeki. Tatro alikwenda kwenye mashine ya kahawa, akaubandua ule msimbo wa mraba kwa ukucha, akautia mfukoni.

Jumapili iliyofuata, Noella alipanda hadi makaburini, mahali ambapo Ovila na Alma wamelala chini ya jiwe moja la itale, na akausoma mstari huo kwa sauti tena. Bibi yake alistahili kukabidhiwa.

Kanuni ilianza kutumika Jumanne, tarehe mbili Septemba. Katika mwezi huo wa kwanza, wanunuzi kumi na wanne wa magari ya umeme waliketi kwenye meza ya hati ya duka la Tatro, wakakabidhiwa ukurasa mkononi, wakasomewa mambo yote matano, pamoja na neno "haijulikani" kila lilipostahili. Tatro alisimama mlangoni mara zote kumi na nne, akihesabu. Mmoja aliinuka na kuondoka, kwa kuwa mbwa wake hakuenea kwenye kiti cha nyuma. Kumi na watatu walibaki.